Siku saba Yakutsk, mji unaoogopa joto

Siku ya kwanza, Jumamosi

Nimezaliwa Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Anayeijua Makete anajua kuwa mwezi wa sita na wa saba sakitu hulala juu ya viazi, na asubuhi mama hutoka nje na sweta mbili na kitenge juu yake. Kwa hiyo mwenzangu wa bwenini huko Moscow ninakosoma, binti wa Kisakha, kabila la Siberia, aliponialika kwao kwa likizo ya Januari, nilikubali siku hiyo hiyo. Baridi naijua, nilimwambia. Alicheka, akanishika mkono, akasema: "Utaijua."

Kutoka Moscow ndege huruka kwa saa sita na ushei, na muda wote huo bado uko Urusi. Jamhuri ya Sakha, ambayo Yakutsk ni makao yake makuu, ni kubwa kuliko Tanzania zaidi ya mara tatu, lakini watu wake wote ni karibu milioni moja, na zaidi ya theluthi wanakaa katika mji huu mmoja. Nilikaa dirishani usiku kucha nikitafuta taa chini. Muda mrefu sikuona hata moja.

Tulipotua rubani alitangaza nyuzi 44 chini ya sifuri. Mlangoni nilivuta pumzi kama ninavyovuta siku zote, na koo likaikataa. Nilikohoa hadi machozi, na machozi yenyewe yakaganda kwenye kope. Vinyweleo vya puani vilisimama kama sindano. "Kwa pua, polepole, kupitia skafu," mwenzangu alisema, na hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Ndani ya uwanja nilitazama saa ya ukutani ikisoma tisa na dakika chache, nje giza ndiyo kwanza linaachia. Nikapiga hesabu ya nyumbani: saa tisa usiku. Yakutsk iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na sisi tukisoma saa kwa Kiswahili tunatofautiana na mshale kwa saa sita vilevile. Basi kila saa ya ukutani ya mji huu inasema saa ya Kiswahili ya Makete. Sikuhitaji kubadilisha chochote. Juma zima nilitazama saa za watu na kujua mama yangu anafanya nini.

Kuingia kwao unapita milango mitatu, mmoja baada ya mwingine, na baada ya wa tatu unakutana na joto la kuvaa fulana. Mama yake alinikumbatia, akanipa chai ya maziwa. Nilishtuka kwa furaha, maana Moscow nimezoea kuwaona watu wakinywa ya rangi. Wasakha ni wafugaji, chai yao ni ya maziwa kama yetu. Kisha mama akavichukua viatu vyangu vya Moscow, akavikunja soli kwa mikono miwili, akaviweka juu ya kabati bila kusema neno. Sikuviona tena hadi siku ya kuondoka.

Siku ya pili, Jumapili

Leo nimevalishwa. Sikuvaa mwenyewe, nimevalishwa kama mtoto wa siku ya kwanza ya shule. Nguo ya ndani ya sufu, suruali mbili, sweta mbili, koti zito la kufika magotini, kofia ya manyoya, glavu za vidole na juu yake glavu za mfuko. Miguuni unty, buti za ngozi ya miguu ya paa wa kaskazini, manyoya yakiwa nje. Mwishoni mama aligusa hereni zangu akaniashiria nizivue. Chuma hakivaliwi kwenye ngozi hapa. Wenye miwani huchagua fremu za plastiki.

Nje hakuna upepo. Hilo sikulitarajia. Moshi wa mabomba ya kupashia joto unapanda wima kama nguzo, na chini yake mji umezama kwenye ukungu mzito. Si ukungu wa Kitulo kwetu, unaokuja na kuondoka. Huu ni mvuke wa magari, wa nyumba na wa pumzi za watu, ulioganda ukawa vumbi la barafu, na kwa kuwa hewa haisogei, hauna pa kwenda. Gari likija unaona kwanza taa mbili za njano, kisha unasikia theluji ikilia chini ya magurudumu. Theluji ya baridi hii haitelezi. Ni kavu kama mchanga, na kila hatua inatoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Magari mengi niliyoyaona yameegeshwa yalikuwa yakinguruma bila mtu ndani. Ukizima injini kwa muda mrefu bila gereji yenye joto, huenda usiiwashe hadi majira yabadilike. Mengine yamefunikwa blanketi nene lililoshonwa kwa kipimo cha gari. Kwenye basi vioo vyote vimeota barafu ya unene wa kidole, na abiria hufuta kitundu cha ukubwa wa sarafu kwa dole gumba ili wajue wamefika wapi.

Kituoni mama mmoja nisiyemjua alinisogelea, akanitazama usoni kwa makini, kisha akafunika pua yangu kwa kiganja chake chenye glavu. Akakishikilia hapo, kama dakika nzima, bila haraka. Ncha ya pua yangu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, nami sikuwa na habari, kwa sababu sehemu inayoganda hupoteza hisia kabla hujasikia uchungu. Mwenzangu aliniambia huo ndio ustaarabu wa mji: mtu huutazama uso wa mwenzake kwa niaba yake.

Siku ya tatu, Jumatatu

Sokoni. Nilikuwa nimeomba jambo hili kuliko yote.

Soko la wakulima la Yakutsk wakati wa baridi liko wazi, chini ya anga, na halina jokofu hata moja. Samaki wamesimamishwa wima ndani ya maboksi na ndoo, vichwa juu au mikia juu, kama miwa inavyosimamishwa kwenye magulio yetu. Wagumu kama kuni. Ukigonga mmoja kwa mwingine vinalia. Nelma, muksun, chir, wametoka mito ya kaskazini inayomwaga Bahari ya Aktiki, na kuganda kwao ni kwa papo hapo: samaki anatolewa majini, dakika chache baadaye amekuwa jiwe. Ndiyo maana nyama yake haiharibiki. Pembeni kuna sungura mzima na manyoya yake, mapaja ya ndama wa farasi, ini, na maziwa. Ndiyo, maziwa yanauzwa kwa vipande. Yamegandishwa kwenye mabakuli yakatolewa, sahani nyeupe nene zilizopangwa moja juu ya nyingine, nawe unabeba sahani mbili za maziwa mfukoni bila kumwaga tone.

Wauzaji wengi ni akina mama. Wanasimama pale saa nyingi, wamevaa hadi wamekuwa duara, na kati ya wateja wanarukaruka kidogo na kupiga miguu chini. Nilimwuliza mmoja kama hachoki na baridi. Alifikiri kwanza. Akajibu kuwa siku mbaya za biashara ni zile za majira ya kuchipua, theluji inapoanza kulegea, maana hapo samaki wanaanza kutoa maji na kila mtu anakimbilia jokofu. "Sasa hivi niko salama," alisema. Neno hilo nimeliandika nikiwa bado sokoni, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ulikuwa umeganda.

Mfuko wangu wa plastiki ulipasuka kama kioo, vitunguu vikatawanyika. Simu ilizima ikiwa na nusu ya chaji. Nilivua glavu kupiga picha kabla haijazima, na vidole viwili vikawa vya nta. Mwenzangu aliingiza mkono wangu ndani ya koti lake, kwapani kwake, akaubana. Damu iliporudi niliuma meno nisilie.

Jioni nililishwa stroganina. Baba wa nyumba alisimamisha samaki kwenye ubao, pua chini, akamchuna ngozi, kisha kwa kisu kikali akawa anamkata kutoka juu kwenda chini, vipande vyembamba vinavyojikunja kama maranda ya seremala. Unachovya kwenye chumvi na pilipili manga, unakula haraka kabla hakijayeyuka. Mimi ni mtu wa milimani, samaki mbichi si chakula changu. Lakini hakina shombo hata kidogo. Kinapoa ulimini, kinayeyuka, kinabaki mafuta matamu. Nilikula hadi mama akacheka na kuniongezea.

Siku ya nne, Jumanne

Ninasomea uhandisi wa majengo, hivyo leo ilikuwa siku yangu.

Nyumba za ghorofa za Yakutsk hazikai juu ya ardhi. Zimesimama juu ya nguzo za zege, na chini ya jengo zima kuna uwazi ambamo hewa inapita. Unaweza kuinama ukaona upande wa pili. Sababu iko chini: ardhi imeganda kwa zaidi ya mita 200, haiyeyuki mwaka hadi mwaka isipokuwa ngozi ya juu, kama mita moja au mbili, wakati wa kiangazi. Ikiwa imeganda, ni msingi mgumu kama mwamba. Nyumba yenye joto ikilala juu yake moja kwa moja, joto linashuka, ardhi inageuka uji, na nyumba inazama upande. Basi wanatoboa mashimo marefu, wanateremsha nguzo, wanaacha baridi izikamate, kisha ndipo wanajenga. Mji mzima umeshikwa na barafu kwa mizizi yake.

Mabomba nayo hayafukiwi. Yanapita juu ya ardhi, manene, yamevikwa vitambaa na bati, na yakifika barabarani yanapanda, yanavuka juu kama lango, yanashuka tena. Yale ya maji ya moto yakikatika usiku wa Januari, mtaa mzima una saa chache tu za kuokoa nyumba zake.

Nilipita kukitazama kisima cha Shergin, ambacho kimefunikwa kwa kibanda cha mbao. Fyodor Shergin alikuwa mtu wa kampuni ya biashara, akataka maji. Alianza kuchimba mwaka 1828, akachimba hadi 1837, akafika mita 116, na kote huko alikuta udongo ulioganda. Hakupata maji. Lakini miaka ya 1840 mtaalamu Alexander von Middendorff alishusha vipimajoto humo, na dunia ikaanza kuelewa kuwa ardhi iliyoganda ina kina namna hiyo. Nilisimama pale nikiwafikiria wachimbaji wenyewe, miaka tisa ya kuchimba shimo la mkono, kila asubuhi wakitumaini leo.

Baadaye tulikwenda Taasisi ya Melnikov, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya kuichunguza ardhi hii hii. Tulishuka ngazi hadi kwenye handaki lao, mita kama 12 chini. Kuta ni mchanga wa mto wa kale, tabaka juu ya tabaka, na dari imeota fuwele za barafu kubwa kama majani, zinazoanguka ukizipumulia. Mle ndani ni nyuzi chache tu chini ya sifuri, mwaka mzima. Nikitoka kwenye nyuzi 43, nilihisi nimeingia jikoni. Nilifungua koti. Wanahifadhi mbegu za mimea kwenye ardhi ya mji huu, bila umeme wa kupoozea, kwa kuwa ardhi yenyewe ndiyo jokofu.

Kisha mwenyeji wetu akatuonyesha michoro ya vipimo vya miaka mingi, mstari wa joto la ardhi ukipanda taratibu. Hakupaza sauti. Alieleza kuhusu Batagaika, huko kaskazini, ambako msitu ulifyekwa karibu miaka ya 1960, jua likaigusa ardhi, na tangu wakati huo bonde linaporomoka na kupanuka, sasa lina urefu wa kama kilomita moja. Njiani kurudi nilianza kuona nilichokuwa sikioni: nyufa za mshazari kwenye kona za majengo ya zamani, ngazi zilizoachana na mlango. Hakuna aliyenizungumzia baridi kwa hofu tangu nifike. Wanazungumzia joto.

Siku ya tano, Jumatano

Tumevuka mto Lena kwa gari, juu ya maji yaliyoganda.

Daraja hakuna. Kiangazi kuna pantoni. Baridi kuna barabara ya barafu, yenye alama za barabarani, vibao vya uzito unaoruhusiwa, na foleni ya malori. Kati ya majira hayo mawili, barafu inapojiunda au inapovunjika, upande huu na ule hutengana kwa majuma, na bei ya vitu mjini hupanda. Dereva, mjomba wa mwenzangu, alituambia tufungue mikanda ya usalama. Juu ya barafu mkanda haufungwi, ili kukitokea la kutokea utoke upesi. Nilifungua wangu, nikakaa kimya, nikisoma dua zangu. Mto ni mpana mno. Katikati yake huoni vizuri ng'ambo wala utokako, ni weupe na ukungu tu.

Njia ya kijijini, wilaya ya Megino-Kangalas, tulisimama mara mbili kwa magari yaliyosimama kando. Mjomba hakuuliza kama tuna haraka. Gari lililosimama barabarani halipitwi, alisema, hata la adui yako.

Siku ya sita, Alhamisi

Bibi wa mwenzangu ana miaka inayopita themanini. Tulipoingia hakusema "karibu". Alisema: "Kepsee!" Maana yake ni "simulia". Ndiyo salamu ya zamani ya Wasakha, na jibu lake ni "Suoh, en kepsee", yaani sina, simulia wewe. Nilipotafsiriwa nilikaribia kumrukia. Nikamweleza kuwa na sisi hatusalimiani kwa kutakiana mchana mwema, tunaulizana habari: habari za nyumbani, habari za kazi, na mtu anajibu nzuri, za kwako? Alisikiliza hadi mwisho, akagonga goti lake, akasema watu wakikaa mbali mbali, kitu cha kwanza wanachokionea njaa ni habari.

Kabla hatujala alitupa kipande cha chapati nene yenye siagi ndani ya jiko la kuni, akaunong'oneza moto maneno. Moto hula kwanza. Nilisimama wima bila kuambiwa.

Maji ya kunywa nyumbani kwake ni barafu. Kisima hakichimbiki, na baada ya kumwona Shergin sikuhitaji maelezo. Mwezi wa Novemba, barafu ya ziwa ikiwa imefika unene wa kama futi moja na haijawa nene mno, ukoo mzima hutoka na misumeno. Wanakata mapande, wanayasimamisha juu ya ziwa yakauke, kisha wanayapakia. Yamepangwa nje ya ukuta wake, ya buluu iliyopauka, unaona jua kupitia ndani yake. Kila asubuhi anavunja kipande kwa shoka, anakitia kwenye pipa lililo karibu na jiko. Chai ya maji hayo ina utamu fulani, na siongezi chumvi nikisema hivyo.

Na kwa ajili ya kiangazi kuna buluus, ghala lililochimbwa ndani ya ardhi iliyoganda, mlango wa mbao, ngazi fupi. Humo barafu ya kunywa, nyama na siagi hukaa Julai nzima wakati nje watu wanatembea na fulana, maana kiangazi hapa joto hupita nyuzi 30. Bibi aliniteremsha mwenyewe, ameshika tochi. Pembeni chini aliniangazia alama kwenye nguzo, mstari mweusi wa maji. Miaka miwili iliyopita, alisema, mwezi wa Agosti alifungua mlango akasikia matone. Baba yake ndiye aliyechimba ghala hili, na yeye amelitumia maisha yake yote, na sauti hiyo hakuwahi kuisikia. Alizima tochi mapema kidogo, tukapanda.

Mchana tuliwatazama farasi. Wafupi, wanene, manyoya marefu kama zulia, migongo yao imebeba barafu isiyoyeyuka. Hawana zizi. Wanalala nje majira yote na kufukua theluji kwa kwato kutafuta nyasi. Jua lilikuwa chini, la rangi ya ganda la chungwa, nalo likatua kabla ya saa kumi jioni kwa hesabu yetu. Nyuzi 49. Nilipopumua nilisikia sauti ndogo ya kukwaruza masikioni, pumzi yangu mwenyewe ikiganda hewani. Wanaiita mnong'ono wa nyota.

Usiku bibi alisimulia. Baridi ni fahali, anatoka Bahari ya Aktiki akiwa na pembe mbili kubwa. Baridi inapoanza kulegea pembe moja huvunjika, kisha ya pili, na mwisho kichwa. Mwili wake huondoka na barafu ya Lena mwezi wa Mei, ukielea kurudi kaskazini. Mjukuu mdogo alitoa khomus, chuma kidogo kinachoshikwa menoni, akakipiga kwa kidole. Kilitoa sauti ya maji, ya farasi, ya matone, na bibi alifumba macho. Nilikuwa nimesoma kwamba olonkho, tenzi za mashujaa wa Wasakha, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2005 kwenye orodha yake ya kazi bora za urithi wa masimulizi. Lakini bibi hakuuliza orodha. Aliuliza kama kwetu kuna hadithi ya baridi. Nikamsimulia sakitu inavyounguza viazi usiku mmoja, na mama anavyotoka alfajiri na kuinama kugusa majani. Alielewa kabisa. Aliuliza: na mkikosa viazi, mnakula nini?

Siku ya saba, Ijumaa

Tumerudi Yakutsk alfajiri kwa barabara ile ile. Safari hii nilifungua mkanda kabla ya kuambiwa.

Mjini imepanda hadi nyuzi 37 chini ya sifuri, na watu wamebadilika. Vijana wameacha makoti wazi, watoto wanatoka dukani wakilamba aisikrimu. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa hawaendi shule siku zile za karibu nyuzi 50, leo njia zimejaa mikoba. Mama alinirudishia viatu vyangu vya Moscow, lakini aliniambia niende na unty hadi uwanjani, nibadilishe huko. Mfukoni mwa koti nimekuta kipande cha chapati ya siagi kimefungwa kwa kitambaa. Sijui bibi alikitia saa ngapi.

Uwanjani tulimpigia simu kumuaga. Mwenzangu alimwambia mjini kumekuwa joto, nyuzi 37, je, pembe ya kwanza ya fahali imevunjika?

Kimya kidogo. Tulimsikia akifungua mlango, akitoka nje, akirudi.

"Bado," alisema. "Zipo zote mbili." Na alikuwa anacheka.